Wimbo unaoitosha kwaya

Kila siku ya shule, asubuhi, watoto wa Tanzania husimama mstarini na kuimba kazi ya mwalimu wa kwaya. Mwalimu huyo aliitwa Enoch Sontonga. Alifundisha na kuongoza kwaya katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, Johannesburg, na mwaka 1897 alitunga wimbo ambao leo tunaujua kwa jina la Mungu Ibariki Afrika. Hakuwa na okestra wala waimbaji wa kulipwa. Alikuwa na wanafunzi, herufi za solfa na sikio zuri. Alifariki mwaka 1905 akiwa bado kijana. Hakujua kwamba mwaka 1912 wimbo wake ungeimbwa kwenye mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC, wala kwamba Tanganyika ingeufanya wimbo wa taifa mwaka 1961. Zambia nayo iliuchukua kwa maneno yake yenyewe, na baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, Afrika Kusini ikaurudisha nyumbani.

Majirani zetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1963 tume ya watu watano iliyopewa kazi ya kutafuta wimbo wa taifa ilichagua mahadhi ya Wapokomo wa Mto Tana, wimbo ambao mama humwimbia mtoto ili alale. Taifa zima likasimama wima kwa tuni ya kubembelezea.

Nyimbo hizi mbili zina tabia moja: ukizisikia mara mbili tatu, unaziimba. Tuni inakwenda kwa hatua fupi, inapanda pale sikio linapotarajia ipande, na sauti nyingine zinaifuata kwa karibu bila vurugu. Hakuna anayesema kwamba ni nyimbo duni kwa sababu mtoto wa darasa la kwanza anazimudu. Ila ukihamia kwenye kwaya zetu za parokia, za usharika, za shule na za mitaa, utakuta fikra tofauti. Huko hadhi ya wimbo hupimwa kwa ugumu wake. Mwalimu anayeleta kurasa nane za nota zenye madaraja na mapokezano huitwa fundi. Anayeleta beti tatu na kiitikio kinachoshikika anaambiwa amewaletea waimbaji pambio.

Makala haya yanatetea upande wa pili. Wimbo unaoshikika kirahisi na unaopendwa na watu una ufundi wake, na mara nyingi ufundi huo ni mgumu kuupata kuliko ule wa kurasa nane. Bila wimbo wa namna hiyo kwaya ya watu wa kawaida haiishi muda mrefu.

Nani yuko kwenye benchi

Tuanze na waimbaji wenyewe. Kwaya ya kawaida ya Dar es Salaam, Mwanza, Kisumu au Bukavu ina muuza genge, dereva wa bodaboda, nesi anayetoka zamu, mwalimu wa sekondari, binti wa chuo na mzee mstaafu ambaye besi yake ndiyo nguzo ya kundi. Hawalipwi. Wengi wao wanalipa: ada ya kwaya, mchango wa sare, nauli ya mazoezi. Wanakutana jioni mara mbili au tatu kwa wiki. Mazoezi yameandikwa kuanza saa 11, lakini daladala na foleni zina ratiba zao, kwa hiyo mpaka sauti ya tatu itimie, jua limeshazama. Wanaosoma nota bila kubabaika unaweza kuwahesabu kwa vidole. Wengine wote hushika kwa sikio, wakimwegemea jirani anayejua.

Sasa tazama kazi inayowasubiri. Kwaya ya Kikatoliki Jumapili moja inahitaji wimbo wa mwanzo, Bwana Utuhurumie, Utukufu, wimbo wa katikati, shangilio, nyimbo za matoleo, Mtakatifu, Mwanakondoo, nyimbo za komunio, shukrani na wimbo wa kutokea. Hapo umeshavuka nyimbo kumi, na Jumapili ijayo masomo yamebadilika. Kwaya ya Kilutheri ina mzigo wa aina nyingine: liturujia, tenzi za kitabuni, wimbo wake yenyewe wa ibada, halafu maandalizi ya mashindano ya jimbo na dayosisi, ambako kuna wimbo uliopangwa ambao kila kwaya lazima iuimbe.

Na katikati ya wiki kuna msiba. Msiba hausubiri mazoezi. Mwanajumuiya amefariki usiku, mazishi ni kesho kutwa, na kwaya inatakiwa nyumbani kwa marehemu, kanisani na makaburini. Makaburini hakuna kinanda na hakuna stendi ya nota. Kuna jua, vumbi, wanakwaya wanaolia na familia inayotaka kusikia sauti za watu ikikabidhi mpendwa wake kwa udongo. Hapo ndipo wimbo wa kwaya ya mtaani hupimwa kuliko mahali pengine popote. Wimbo utakaosimama pale ni ule uliomo vifuani mwa waimbaji na ambao waombolezaji wenyewe wanaweza kuupokea kwenye kiitikio. Utunzi wa kurasa nane utabaki kabatini.

Fundi cherehani humpima mteja kabla ya kukata kitambaa. Mtunzi na mwalimu wa kwaya nao wana wajibu huohuo. Lile gauni zuri la kwenye picha lilipimwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Herufi saba za Mchungaji Curwen

Hoja hii ni ya zamani, na aliyeipa jibu kubwa kuliko wote aliishi Uingereza katika karne ya 19. Wakati ule viwanda na migodi vilikuwa vimejaza miji watu wanaofanya kazi mchana kutwa, ambao jioni walitaka kuimba. Nota za mistari mitano zilikuwa za wenye nafasi ya kusoma muziki. Mwaka 1841, kwenye mkutano wa walimu wa Shule za Jumapili mjini Hull, mchungaji kijana John Curwen aliombwa atafute njia rahisi ya kuwafundisha watoto na watu wa kawaida kuimba. Curwen hakuwa bingwa wa muziki. Alichukua mbinu ya mwalimu wa kike wa Norwich, Sarah Glover, akaipanga upya na kuieneza. Ndiyo hii tunayoiita solfa: d, r, m, f, s, l, t.

Uzuri wa solfa ni kwamba Do inahama. Ukijua umbali wa kutoka Do kwenda Sol, unaujua katika kila ufunguo. Mwimbaji hana haja ya kukumbuka kuna kruzi ngapi mwanzoni mwa mstari. Anaambiwa Do ni F au Do ni G, mwalimu anatoa sauti, safari inaanza. Uzuri wa pili ni wa mfukoni. Solfa ni herufi, nukta na vistari tu. Inapigwa taipu kwa mashine ileile inayoandika barua za ofisi, inarudufiwa kwa stensili, inakopiwa kwa mkono kwenye daftari la mistari. Kwa misheni zisizo na mtambo wa kuchapa nota, hiyo ilikuwa habari njema. Wamisionari walipoisambaza Afrika, ilikamata kwa nguvu ambayo hata Ulaya yenyewe haikuidumisha. Huko kwao wengi wameshaisahau. Kwetu mwalimu wa kwaya bado anaiandika ubaoni kwa chaki.

Siku hizi ubao umehamia kwenye simu. Mwalimu anarekodi sauti ya kwanza peke yake, kisha ya pili, ya tatu na ya nne, anazituma kwenye kundi la WhatsApp, na dereva wa bodaboda anajifunza besi akisubiri abiria. Nota zenyewe zinapatikana bure mtandaoni kwenye tovuti kama Swahili Music Notes, ambako watunzi wa Kikatoliki wa Afrika Mashariki huweka kazi zao ili kwaya yoyote ichukue. Utunzi wa mwalimu wa kijijini unaweza kuimbwa na kwaya ya Wakenya walioko ng'ambo wiki hiyohiyo. Nyimbo zinazozifaa kwaya nyingi kule ni zile ambazo kwaya ikizifungua Jumanne inaweza kuziimba Jumapili.

Ufundi uliojificha

Mtu akisema wimbo ni mwepesi, mara nyingi hajui jasho lililoufanya uwe mwepesi. Chukua suala la urefu wa sauti. Mama wa sauti ya kwanza asiye na mafunzo huimba kwa raha kuanzia Do ya kati ya kinanda mpaka Re au Mi ya ngazi inayofuata. Juu ya hapo anaanza kukaba koo, na kanisa zima linasikia. Sauti ya tatu ndiyo yenye uhaba kila mahali, kwa sababu wanaume wengi ni wa katikati: hawafiki juu kwa tenori wala hawashuki chini kwa besi. Katika kwaya nyingi sauti ya tatu huokolewa na wanawake wawili watatu wenye sauti nzito. Mtunzi anayejua haya hatampandisha tenori mpaka mishipa ya shingo isimame, na besi ataipa mwendo wenye mantiki ili mzee mstaafu aukumbuke bila karatasi. Kutunga tuni tamu ndani ya mipaka hiyo, na kila sauti ipate kipande chake cha kujivunia, ni kazi ya mtu aliyekomaa.

Suala la pili ni mkazo wa maneno. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi ya mwisho huanguka chini. Tenzi za Ulaya zilizotafsiriwa na wamisionari zimejengwa kwa lugha ambazo mara nyingi mstari humalizikia kwenye silabi nzito. Matokeo yake, neno kama Mwokozi, ambalo mkazo wake uko kwenye "ko", likiangukia mwishoni mwa mstari wa tuni ya Kiingereza au ya Kijerumani hujikuta likibebwa kwenye "zi". Tumezizoea kwa kuwa tumezaliwa tukizisikia katika Tenzi za Rohoni, Nyimbo za Kristo na Mwimbieni Bwana, na tunazipenda kweli. Lakini mwulize mwalimu yeyote kwa nini wimbo wa mtunzi mzawa unakamatwa na watoto haraka kuliko utenzi wa kutafsiriwa. Sababu mojawapo ni hii: tuni inafuata namna watu wanavyosema. Neno linapanda linapopanda mdomoni na kushuka linaposhuka, na mwimbaji hapigani nalo.

Tatu ni mapokezano. Kabla ya karatasi yoyote kufika, ngoma zetu, nyimbo za kulima, za kutwanga na za jando ziliendeshwa na mwanzishaji na waitikiaji. Wagogo wa Dodoma wanaimba kwa sauti nyingi zilizosukana, na watoto wao wanajifunza kwa kukaa karibu na wakubwa, bila nota hata moja. Mtunzi anapoandika wimbo ambao mmoja anaanzisha na wengine wanapokea, anatumia elimu ambayo mwimbaji ameingia nayo kwenye chumba cha mazoezi. Asiyesoma solfa hajisikii mgeni. Anajua zamu yake inapofika.

Na Kiswahili chenyewe kinasaidia. Irabu zake ni tano tu, hazibadiliki, na karibu kila silabi huishia kwenye irabu, mahali ambapo sauti ya binadamu hutoka wazi. Kwaya ya watu wa rika na elimu tofauti inaweza kutamka kwa pamoja bila kufundishwa sana. Lugha nyingi hazina bahati hiyo.

Somo la Aleluya Kuu

Watetezi wa nyimbo ngumu wana silaha moja wanayoipenda: Aleluya Kuu ya mtunzi Handel. Kila Pasaka, kwaya za Tanzania na Kenya huipandisha kwa fahari, na kwaya isiyoiweza huona aibu. Wanasema, mbona watu wa kawaida wanaimba Handel? Kwa nini tuwashushe?

Swali zuri, na jibu lake liko ndani ya utunzi wenyewe. George Frideric Handel alitegemea sana mauzo ya tiketi. Opera zake za Kiitaliano zilipokosa watazamaji London, aligeukia oratorio kwa Kiingereza, lugha ya wasikilizaji wake. Masihi, kazi yenye Aleluya hiyo, iliimbwa rasmi mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, katika onyesho la hisani lililosaidia wafungwa wa madeni na hospitali mbili. Miaka mia baadaye, kampuni ya Novello ya London ilianza kuichapa kwa bei nafuu, na nakala za solfa zikafuata. Hapo ndipo wafanyakazi wa viwandani walipoimiliki.

Tazama ilivyojengwa. Inaanza na kipande kifupi kinachorudiwa, sauti zote zikitamka pamoja. Halafu kwaya nzima inaimba mstari mmoja kwa tuni moja, bila kugawanyika, jambo ambalo hata kwaya changa inaliweza. Kisha mistari hiyo miwili inasukwa pamoja, na mwimbaji anakuta anachokiimba ameshakiimba. Kwenye mapokezano, besi wanaanza, wanafuatwa na sauti ya tatu, ya pili na ya kwanza, kila mmoja kwa kipande kilekile. Na pale sauti ya kwanza inapopanda mpaka nywele zikasimama, inapanda ngazi kwa ngazi, ikishikilia kila nota kwa muda, huku wenzao chini wakirudia maneno machache mara kwa mara.

Kwa maneno mengine, Aleluya Kuu ni vipande vyepesi vilivyopangwa na mtu mwenye akili nyingi. Ndiyo maana imeishi zaidi ya miaka 280 katika vinywa vya watu wasio wanamuziki, wakati kazi nyingi ngumu zaidi za zama zake zinajulikana zaidi na wasomi. Kwaya inayoimudu Aleluya Kuu siku ya Pasaka imeijenga nguvu hiyo kwa miaka ya nyimbo za kawaida, ambazo ziliwafundisha waimbaji kusikilizana.

Nyimbo zilizosafiri

Kuna wakati kanisa lenyewe liliona mahadhi ya watu hayafai madhabahuni. Misa iliimbwa kwa Kilatini, na ngoma zilibaki nje ya mlango. Mabadiliko yalianzia chini. Mwaka 1958 huko Kamina, Katanga, padri Mbelgiji Guido Haazen na kwaya yake ya wanaume na watoto walitengeneza Missa Luba: maneno ni ya Kilatini, lakini uimbaji ulitokana na mahadhi ya wenyeji, na sehemu kubwa ilizaliwa kwa waimbaji kujaribu na kukubaliana papo hapo. Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati yake juu ya liturujia, ikafungua mlango wa lugha za watu na muziki wao. Mwaka huohuo padri Mtanzania Stephen Mbunga alichapisha kitabu kuhusu sheria za kanisa na muziki wa Kibantu, akionyesha kwa hoja kwamba vitu hivi viwili vinaweza kukaa pamoja. Na Missa Luba haikuzeeka: kwaya ya Muungano ya Kenya, ikiongozwa na Boniface Mganga, iliirekodi upya, na rekodi hiyo ikauzwa Ulaya.

Njia ya Waprotestanti ilikuwa ya kaseti. Ulyankulu, mkoani Tabora, ni makazi ya wakulima yaliyoanzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi. Kutoka huko ilitoka kwaya ya Barabara ya 13, na nyimbo zake zilisikika kwenye mabasi, madukani na redioni katika nchi kadhaa. Wengi hawakujifunza kwa nota. Watu walizisikia, wakaziimba, na kwaya nyingine zikazipachika kwenye ratiba zao za Jumapili. Baadaye Ambassadors of Christ wa Kigali, kwaya ya Waadventista, wakafanya vivyo hivyo kwa wimbo wa Kwetu Pazuri, uliotungwa kwa Kiswahili na kupendwa hata na wasio wa dhehebu lao.

Safari ndefu kuliko zote ni ya Baba Yetu. Mwaka 2005 mtunzi Mmarekani Christopher Tin aliombwa muziki wa mchezo wa kompyuta wa Civilization IV. Aliichukua Sala ya Bwana kwa Kiswahili, akaipa tuni yenye mwanzishaji na waitikiaji, na rekodi ya kwanza ikaimbwa na kundi la wanafunzi wa Stanford. Mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kushinda tuzo ya Grammy. Leo kwaya za shule na za mitaa za Marekani, Ulaya na Asia zinauimba, nyingi zikiwa hazina hata mtu mmoja anayejua Kiswahili. Wanaupenda kwa sababu zilezile tulizozitaja: irabu safi, kiitikio kinachoshikika, mapokezano yanayompa kila mtu kazi. Watu wa mbali wamegundua thamani ya kitu ambacho baadhi ya walimu wetu wanakionea haya.

Lawama zenye haki

Haya yote hayana maana kwamba kila wimbo mwepesi ni mzuri. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu, na wakosoaji wa nyimbo pendwa wana ushahidi wa kutosha. Kuna tunzi zinazozunguka kwenye kodi mbili tangu mwanzo hadi mwisho, zikitegemea mdundo uliohifadhiwa kwenye kinanda. Kinanda kinabonyezwa, ngoma ya plastiki inaanza, spika zinavuma, na waimbaji arobaini wanafunikwa na mashine moja. Zima umeme uone kama kuna wimbo uliobaki.

Lawama ya pili inahusu kuiga. Kwaya inapochukua wimbo kutoka kwenye video ya kwaya nyingine, kinachosikika vizuri ni sauti ya kwanza. Sauti ya pili na ya tatu zinakisiwa. Baada ya kukisiwa na kwaya tano, wimbo umepoteza mifupa yake, na mtunzi akiusikia haujui tena. Hapo tatizo si wepesi wa wimbo. Ni uvivu wa kutotafuta nota wakati zipo.

Lawama ya tatu ni nzito zaidi. Wimbo unaoshikika una nguvu, na nguvu hiyo inabeba chochote inachopewa. Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki, nyimbo za maombolezo za Kapteni John Komba na kundi la TOT ziliifanya nchi nzima ilie kwa sauti moja. Mtindo huohuo wa kwaya, hapa na kwa majirani zetu, umetumika pia kuwasifu wakubwa kupita kiasi, watoto wa shule wakipangwa juani kuimba sifa wasizozielewa. Tuni ni ileile tamu. Mwalimu wa kwaya anayejua nguvu aliyoishika atayachunguza maneno kabla ya kuyatia midomoni mwa watu, kwa sababu yakishaingia hayatoki.

Na kuna lawama ya wanakwaya wenyewe: kukaa palepale. Kwaya iliyoimba nyimbo zilezile kwa mtindo uleule inachoka, vijana wenye vipaji wanahama, na mwalimu anaanza kulalamika juu ya mahudhurio. Hili ni kweli. Lakini dawa yake imo ndani ya nyimbo hizohizo. Wimbo rahisi hauna mahali pa kujificha. Ikiwa sauti ya pili inashuka robo toni, kwenye wimbo wenye vurugu haitajulikana; kwenye wimbo mtulivu kila mtu atageuka. Pumzi zikikatwa katikati ya neno, zitasikika. Irabu ya mmoja ikiwa pana na ya mwingine nyembamba, zitasikika. Mwalimu makini anaweza kutumia jioni nzima kwenye ubeti mmoja wa Tenzi za Rohoni bila kinanda, akidai sauti ndogo, kisha kubwa, kisha ndogo tena, na waimbaji wakaondoka wamejifunza kuliko kama wangekokotwa kwenye kurasa nane wakiwa wamefumba macho.

Kuchagua nyimbo

Tarehe 22 Novemba Wakatoliki huadhimisha Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Kwaya nyingi hufanya sherehe siku hizo, na mara baada ya hapo maandalizi ya Noeli yanashika kasi. Ndicho kipindi ambacho walimu hukosea zaidi katika uchaguzi wa nyimbo. Wanaona sikukuu kubwa inastahili nyimbo kubwa, wanaleta tano mpya kwa mpigo, na usiku wa mkesha kwaya inaimba huku imeinamia karatasi, sauti ya tatu ikitafutana na besi.

Mpango wenye busara ni huu. Nyimbo nyingi ziwe zile ambazo kwaya inazimudu kiasi kwamba waimbaji wanaweza kumtazama mwalimu na kuwatazama waumini. Mbili tatu ziwe mpya lakini za kipimo chao. Moja, na moja tu, iwe ya kuwavuta juu, ipewe muda mrefu, na isiimbwe mpaka iive, hata kama itasubiri Pasaka. Kila mazoezi yaanze na dakika chache za solfa kwa wageni, ili wanaoshika kwa sikio leo waweze kusoma kesho. Nyimbo zifundishwe kwanza bila kinanda. Mpiga kinanda atafurahi zaidi kusindikiza kwaya inayosimama yenyewe kuliko kuibeba mgongoni.

Watunzi nao wana deni. Kabla ya kuandika, wakae kwenye benchi la kwaya isiyo ya kwao, wasikilize besi wangapi wapo na tenori wanachokea wapi. Waandike kwa ajili ya watu hao. Na wakishaandika, waweke nota hadharani zikiwa na sauti zote nne, ili kwaya ya kigangoni isilazimike kukisia.

Zipo kwaya za kitaalamu za kutosha duniani za kuimba yaliyo magumu, na ni vizuri ziyaimbe. Kwaya ya mtaani ina kazi nyingine: kuwabeba watu wake kwenye harusi, ubatizo, mkesha na mazishi. Ina mwenyekiti, katibu na mhazini. Inachangia mwanachama anapofiwa, inamtembelea anapolazwa, na imewafundisha watu wengi kusimama mbele za watu na kuongoza kikao kwa mara ya kwanza. Kazi hiyo yote inategemea jambo dogo: kwamba nesi aliyetoka zamu usiku akifika mazoezini amechoka, aweze kuimba na kujisikia anafaa. Mwalimu anayechagua wimbo na amfikirie yeye kwanza. Wimbo ukimtosha huyo, ukamwachia na nafasi kidogo ya kukua, umeitosha kwaya nzima.